Alijibu ‘Najiweza’, Sasa Anarudishwa Kwenye Unga Uliomharibu Kifua

Jasho halijamtoka bado, lakini kifua kimeshaanza kupiga filimbi. Anachomeka beleshi kwenye tope la mtaro, analiegemea kwa mikono miwili, anafumba macho na kuvuta hewa kwa mdomo kama mtu anayenyonya soda kwa mrija uliokunjika.

Wenzake hawageuki. Wameshazoea.

“Birika limechemka,” anasema mwanamke anayesukuma toroli. “Leteni vikombe.”

Mtaro mzima unacheka. Na yeye anacheka, kicheko kinamgeukia kuwa kikohozi, na kikohozi kinamkalisha chini ukingoni, miguu ikining’inia juu ya maji meusi yenye mifuko ya plastiki na soli za viatu. Yule mwanamke anaacha toroli lake, anateremka mtaroni bila kuambiwa, anachukua beleshi na kuzoa sehemu iliyobaki. Msimamizi anaona, anatazama pembeni.

Kila mtu hapa anamwita Hamira. Jina alilipata kwenye kiwanda cha mkate alikofanya kazi miaka ishirini na mitatu. Wenzake wa huko walisema ndiye wa kwanza kufika asubuhi na wa kwanza kuumuka, kwa sababu siku hizo alikuwa na kitambi. Kitambi kimekwenda na jina limebaki. Leo shati linamkaa kana kwamba limeanikwa.

Ni Ijumaa, siku yake ya mwisho mtaroni. Jumatatu anatakiwa aripoti kwenye kiwanda kingine cha mkate, kazi aliyotafutiwa na ofisi inayosimamia fedha za msaada kwa kaya zisizo na kipato. Asiporipoti, ataandikwa kuwa amekataa kazi, na yeye na mkewe watafutwa kwenye orodha ya wanaolipwa. Akiripoti, atakuwa amerudi kwenye kitu kilekile kilichomharibu kifua.

Kitu chenyewe ni unga wa ngano.

Kazi yake ya zamani ilikuwa kumimina magunia kwenye mashine ya kukandia. Gunia likimiminwa, vumbi linapanda, linajaa chumba, halafu linashuka polepole na kutua kwenye nyusi, puani na kooni. Jioni mkewe alikuwa hamruhusu kuingia ndani mpaka ampukute uani kwa kitambaa.

“Niliolewa na kijana, nikawa kila jioni naletewa mzee wa mvi,” mkewe anasimulia. Maneno yanamtoka upande mmoja wa mdomo, taratibu, lakini hayajapoteza makali. “Nikimpukuta, kijana wangu anarudi. Siku moja nikapukuta nikapukuta, mzee akabaki.”

Kikohozi kilianza kama mafua yasiyoisha. Baadaye usiku akawa analala ameketi. Mwishowe akaanguka kando ya mashine, midomo imebadilika rangi, na wenzake wakambeba juu ya magunia matupu hadi zahanati. Daktari alimwambia ana pumu inayoletwa na unga, akampa dawa ya kuvuta, akamwonya aukimbie unga kama sumu. Alimwambia kwa mdomo. Karatasi hakumpa, na Hamira hakuomba, maana hakujua kama kuna siku ataulizwa.

Mwenye kiwanda alimshika mkono, akamshukuru kwa utumishi wake na kumpa mkate wa kwenda nao nyumbani. Miezi michache baadaye mkewe akapigwa na kiharusi. Upande wa kulia ukalala, mguu na mkono. Binti yao mmoja ameolewa mbali na ana mzigo wake.

Hivyo ndivyo wakaingia kwenye orodha ya msaada. Fedha zenyewe hazifiki hata theluthi ya mshahara aliokuwa akilipwa kiwandani, lakini ndizo zinazolipa chumba na dawa za shinikizo la damu za mkewe. Chakula wanakitafuta kwa njia nyingine. Siku ambazo hayuko mtaroni, Hamira anakaa mbele ya kibanda cha jirani na kurekebisha viatu, kazi aliyojifundisha mwenyewe na ambayo, kwa maneno yake, bado viatu vinailalamikia.

Msaada una masharti. Kila mtu mzima anayejiweza katika kaya anafanya kazi za jamii siku tatu kwa wiki: kuzibua mitaro, kufagia barabara, kuzoa taka. Anatakiwa pia akubali kazi yoyote atakayotafutiwa na mshauri wa ajira. Anayekataa mara moja tu, basi. Wanaosamehewa ni wale wasiojiweza.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwenye neno hilo.

Walipokuwa wanaandikishwa, mtu wa takwimu alikuja asubuhi moja, kijana mwenye adabu na kishikwambi mkononi. Alisimama mlangoni kwa sababu ndani hakuna pa kukaa mtu wa tatu. Nyuma yake, kwenye bomba la uani, majirani walikuwa foleni na ndoo zao, masikio wazi. Akauliza habari za hapa. Hamira akajibu nzuri. Akauliza mgonjwa anaendeleaje. Hamira akajibu anaendelea vizuri, tunamshukuru Mungu. Akauliza, na wewe baba, unajiweza?

“Nikamwambia najiweza,” anasema Hamira. “Nilikuwa nataka niendelee. Nilikuwa na ‘ila’ yangu hapa mdomoni. Ila kifua. Ila siwezi vumbi. Ila huyu mama hajageuka mwenyewe kitandani tangu mwaka jana. Kunyanyua macho, kijana ameshafika swali la idadi ya vyombo.”

Watu wengi wangejibu hivyohivyo. Mtu amelazwa kwenye machela, akiulizwa hali anasema nzuri. Ndivyo tulivyolelewa: jibu la kwanza ni la adabu, na ukweli unakuja baada ya ‘ila’. Anayeuliza anajua hivyo, anangoja. Kishikwambi hakingoji. Kikishaguswa kinafungua ukurasa mwingine.

Na neno lenyewe si jepesi kulikana. Hajiwezi ni mtu anayelishwa kwa kijiko. Hajiwezi ni mlevi anayebebwa na wenzake huku suruali ikimvuka. Mwanamume wa miaka hamsini na minne, amesimama kwenye mlango wake, majirani wanasikiliza, aseme hajiwezi? Hamira anatikisa kichwa. Anasema siku ile angeulizwa kama anaweza kubeba nyumba, angejibu atajaribu.

Kwa hiyo ofisini wakaandikwa hivi: mume anajiweza, mke anaendelea vizuri.

Akapelekwa mtaroni. Mtaroni kuna unyevu zaidi ya vumbi, na wenzake humzibia pengo, kwa hiyo alivumilia. Mwanamke wa toroli, anayepanga chumba cha pili kutoka kwake, ndiye anayemzolea sehemu yake kila filimbi inapozidi. Anamwita kaka, na mkewe anamwita wifi, ingawa hawana undugu wowote. Kisha mwezi uliopita simu ikalia.

Aliyepiga ni mshauri wa ajira, msichana aliyemaliza chuo juzijuzi, meza yake iko mwisho wa ukumbi wa ofisi karibu na choo. Ana mamia ya watu wa kuwatafutia kazi na kazi zenyewe hazipo. Wengi anawapeleka kwenye mafunzo ya wiki mbili ya kuandika barua za maombi. Alipoona kiwanda cha mkate kinatafuta mtu mzoefu wa mashine ya kukandia, akakumbuka kwamba kati ya watu wake yuko mmoja aliyeifanya kazi hiyo miaka ishirini na mitatu.

“Nilifurahi kuliko hata yeye,” anasema. “Nilimpigia kabla sijanywa chai. Nikamwambia, baba, nimekupatia kazi yako mwenyewe, ya mkate. Akaniambia, ahsante sana mwanangu, Mungu akubariki. Nikajaza kwamba amekubali.”

Hamira hakanushi. Anasema mtoto wa watu amehangaika kwa ajili yake, ungetaka amjibu nini? Alishukuru kwanza. Alipofika kwenye ‘ila’, simu ilikuwa imeshakatwa.

Alimfuata ofisini kesho yake, akasubiri mpaka mchana, na safari hii akaeleza kila kitu. Msichana alimsikiliza vizuri. Mara mbili alifuta macho. Halafu akamgeuzia skrini aone mwenyewe. Anajiweza. Amekubali. Kubadilisha hayo sasa kunahesabiwa kuwa ni kukataa kazi, na yeye hana mamlaka ya kugusa kitu hapo. Wenye mamlaka ni kamati ya malalamiko.

“Amesema mwenyewe anajiweza,” anasema mshauri huyo kwa sauti ya chini. “Mimi niliyemkuta ameandikwa hivyo ni nani wa kumwambia hajiwezi?”

Kamati ilikaa jana, Alhamisi, kwenye ukumbi wenye viti vya plastiki na feni moja isiyozunguka. Vikao vyake ni vya wazi makusudi, kwa sababu zamani watu walilalamika kwamba wazima wanajificha kati ya wagonjwa. Anayetaka kuhesabiwa kuwa hajiwezi anasimama mbele ya mtaa mzima na kusema. Mwenyekiti ni mwalimu mstaafu, mpole, mwenye kalamu mbili mfukoni.

Hamira alivaa shati lake la pekee lenye kola. Mwanamke wa toroli alikwenda naye kama shahidi, akiwa na gambuti za kazi miguuni. Alieleza kuhusu filimbi, kuhusu midomo inavyobadilika rangi, kuhusu siku waliyomtoa mtaroni juu ya toroli lake. Hakuweka utani hata mmoja, jambo ambalo Hamira anasema ndilo lililomtisha zaidi.

Mwenyekiti akamgeukia mwenyewe. “Mzee mwenzangu, tuweke wazi. Unajiweza au hujiwezi?”

Hamira akafunga kifungo cha kola.

“Najiweza,” akasema Hamira, na safari hii hakuvuta pumzi katikati. “Ila unga siuwezi.”

Kijana mmoja nyuma akasema hata yeye aliuacha unga mwaka jana, na ukumbi ukalipuka kwa kicheko, maana wote walijua ni unga upi anaousema. Mwenyekiti alicheka kidogo pia, halafu akavua miwani.

Alimweleza polepole kwamba majibu yako mawili tu. Akiandikwa hajiwezi, atahitaji cheti cha hospitali kubwa, kile cha kupimwa pumzi kwa mashine, na malipo yatasimama kuanzia siku hiyo mpaka cheti kihakikiwe. Foleni ya mashine hiyo, kwa habari alizonazo mwenyekiti, ni ya miezi. Akibaki anajiweza, malipo ya mwezi huu yanatoka kama kawaida, na Jumatatu anakwenda kiwandani.

Mwanamke wa toroli alisimama tena. “Mwenyekiti, mwandikie anajiweza, halafu hapo pembeni uandike ‘ila’.”

“Hakuna pembeni, dada,” mwenyekiti akajibu. Akamgeuzia kishikwambi aone. Kweli hapakuwa na pembeni.

Hamira aliwaza chumba. Aliwaza dawa za mkewe, ambazo zikikosekana wiki moja tu, daktari alishasema kiharusi cha pili hakitaomba ruhusa. Akasema wamwandike anajiweza. Akashukuru kamati, na alipokuwa anarudi kitini watu wawili watatu wakampigia makofi, wakidhani ameshinda.

Ijumaa jioni, baada ya kurudisha beleshi, anafika nyumbani na kuanza kazi yake ya pili. Anachemsha maji, anamketisha mkewe kwenye kiti kilichotobolewa katikati, anamwosha, anamchana nywele akianzia upande wenye ganzi kwa sababu upande wa pili huumia. Anaifanya kazi hiyo kwa mikono ya mtu aliyezoea kugusa donge laini. Kila baada ya muda anasimama kupumua. Mkewe anamngoja, jicho moja juu yake.

Mkewe alikuwa mfagizi wa shule na anasema hakuwahi kumwogopa hata mkaguzi. Habari ya kamati imemkera kuliko ugonjwa.

“Mimi nimepooza mkono,” anamwambia. “Wewe umepooza ulimi.”

Hamira anaendelea kuchana.

Basi mama huyo anaamua kumfanyia mazoezi. Anajifanya meneja wa kiwanda, anainua kidevu, anamuuliza habari za afya. Hamira anajibu nzuri. Anapigwa kofi la paja kwa mkono mzima. Anaulizwa tena. Anajibu nzuri, tena haraka zaidi. Anapigwa tena. Mara ya tatu anafikiri sana, anakuna shingo, anatazama mlangoni kama yuko mtu anayesikia.

“Nzuri kidogo,” anasema.

Mkewe anacheka mpaka mate yanamtoka upande usiofunga. Hamira anamfuta kwa kitambaa. Akimaliza kumfuta anaona kwamba si mate peke yake.

Jumatatu asubuhi yuko kwenye geti la kiwanda. Nguo amefua, ndevu amenyoa, na mfukoni ana kopo la dawa ya kuvuta lililobaki kidogo sana. Harufu ya mkate inafika mpaka barabarani. Wapita njia wanaivuta kwa raha. Yeye ameshafunga mdomo na pua kwa leso iliyoloweshwa maji.

Meneja anatoka kumpokea mwenyewe. Ni kijana wa umri wa binti yake, mikono myeupe kwa unga hadi kwenye viwiko. Anasema amesikia sifa zake nyingi, anasema mashine ya kukandia inamngoja, kisha anampa mkono na kumuuliza kama watu wote wanavyoulizana.

“Habari za afya, mzee wangu?”

Hamira anashusha leso. Anavuta hewa, filimbi inasikika, na mpakiaji mmoja aliyekuwa anapita na trei anasimama kutazama.

“Mbaya,” anasema.

Meneja anacheka, anampiga bega, anangoja sehemu ya pili ya utani. Haiji. Mkono wake unabaki begani kwa Hamira. Anauliza mbaya kivipi, na hilo ndilo swali ambalo hakuna mtu mwenye kishikwambi aliyewahi kumuuliza. Hamira anaeleza akiwa amesimama palepale getini, magunia, zahanati, mtaro, mkewe, wakati filimbi yenyewe inamsaidia kueleza.

Meneja si mtu mbaya, na si mtu wa miujiza. Anasema aliomba mtu wa kumimina unga, na hawezi kuutoa unga kwenye kiwanda cha mkate. Anachoweza ni kumweka nje, mlango wa nyuma, kupakia trei kwenye magari. Ni kibarua, nusu ya mshahara uliotangazwa, na ni kwa majaribio hadi mwisho wa mwezi. Akianza kukohoa juu ya mikate wateja wakaona, wataachana kwa heri.

Hamira anakubali. Ofisini, kuanzia siku hiyo, anahesabiwa kati ya wachache waliopata ajira kupitia mpango, na kwa kuwa amepata ajira, fedha za msaada zitakoma mwezi ukiisha. Nusu hiyo ya mshahara italipa chumba, chakula na nauli, maana muda wa kurekebisha viatu hana tena. Dawa za mkewe, bado hajui. Mchana, mwanamke wa toroli atakuwa anapita kumgeuza wifi yake kitandani siku ambazo zamu ya mtaro inamruhusu. Siku ambazo haimruhusu, mama huyo atalala upande mmoja mpaka jioni.

Kwenye mlango wa nyuma hewa ni nafuu, isipokuwa upepo unapogeuka na kusukuma vumbi la ndani nje. Saa hizo Hamira anaweka trei chini, anakwenda hadi ukutani, anageuzia kiwanda mgongo na kuhesabu pumzi. Wapakiaji wenzake, wote vijana, bado hawajamzoea. Wanamuuliza kama yuko sawa. Anawaambia hayuko sawa, wamsogezee trei zile za juu. Wanasogeza.

Mpango wake ni huu. Mshahara wa kwanza ukitoka, kabla ya kununua chochote, atakwenda hospitali kubwa kujiandikisha kwenye foleni ya mashine ya kupima pumzi, hata kama ni ya miezi. Akipata cheti atarudi kwa mwenyekiti na kalamu zake mbili. Hajui kama kifua kitafika hadi huko, na hapendi kulizungumzia hilo.

“Ila wakiniuliza tena habari yangu, naanza na mbaya,” anasema, akiinua trei. “Nzuri watakuja kuiona wenyewe, kama ipo.”